Mwani wa Juu ya Paa

Tulipoachana wiki iliyopita, ndugu msomaji, Mnunuzi alikuwa ametumbukiza pua yake ndani ya kopo la krimu, macho kayafumba, na kiwanda kizima kilikuwa kimebana pumzi kikimsubiri. Alipoinua uso hakusifu, hakuponda. Alisema tu, "Sasa nionyeshe huo mwani."

Kimya kilichofuata nakifahamu vizuri. Ni kile kimya cha bweni wakati mwalimu wa zamu anaposimama mlangoni na kuuliza, kwa upole, nani anayechoma mkate kwa pasi.

Sababu ya kimya ni hii: mwani haukuwepo.

Kwa yule aliyechelewa kupanda, nampa mkono. Mkurugenzi ni mwanamke aliyejichagua mwenyewe kushika cheo hicho, kwa kura moja, ambayo ilikuwa yake. Kiwanda chake ni chumba kimoja cha chini katika nyumba ya mama yake: meza, mizani, blenda ya jikoni, na rafu zilizojaa makopo ya krimu iitwayo Kilindi. Kwenye lebo kumeandikwa kwamba Kilindi inatokana na mwani adimu wa vilindini, usiowahi kuguswa na jua. Ndani ya kopo kuna mchicha. Na bahari yenyewe Mkurugenzi ameiona kwenye kalenda.

Tumtendee haki, hakuanza na uongo. Zamani kopo liliandikwa mchicha, kwa uaminifu wote, na wateja wakawa wanauliza kama inaliwa na wali. Ndipo siku moja saluni akaona kijikopo cha nje chenye picha ya mwani, kidogo kama kizibo, na wanawake wanakigombania. Akarudi nyumbani akabadilisha lebo. Krimu hakuigusa. Wateja wale wale wakaapa kwamba hii mpya ni kitu kingine kabisa, kwamba sasa ngozi inapumua. Mmoja alisema akijipaka anasikia mawimbi. Daktari wa masikio angemfaa zaidi, lakini hakuna aliyemwambia.

Na leo ndiyo siku ya hukumu. Bibi, mama yake Mkurugenzi na mwenye nyumba, alikuwa ametangaza kwamba jioni hii atatoa ufunguo wa chumba kile kwa mtu mwenye kazi ya kueleweka. Wagombea walikuwa wawili. Wa kwanza ni Mkurugenzi. Wa pili ni Shemeji, mume wa mdogo wake, muuza matairi, ambaye matairi yake yanalala nje na kupasuka kwa jua. Mnunuzi ananunua bidhaa kwa niaba ya mahoteli. Akiagiza Kilindi, kazi inaeleweka. Asipoagiza, matairi yanaingia, na Mkurugenzi anarudi kusagia mchicha jikoni, mahali ambapo hakuna anayemwita Mkurugenzi.

Kwa hiyo Mnunuzi kasema anataka kuona mwani. Mkurugenzi kafungua mdomo, na mdomo umebaki wazi kama droo iliyokwama.

Aliyeokoa jahazi ni Mkemia. Huyu ni binti wa kaka yake Mkurugenzi. Alisomea kemia chuoni, akarudi nyumbani kusubiri ajira, na bado anaisubiri huku anachambua mchicha.

"Mwani uko juu, mama," alimwambia Mnunuzi. "Tupande tu."

Mkurugenzi alimtazama mpwa wake kama mtu aliyeambiwa ana pacha.

Wakapanda. Mnunuzi ni mama mwenye mwili wake na viatu vyenye visigino vyake, na vitu hivyo viwili havipatani kwenye ngazi. Katikati ya safari alisimama, akashika ukuta, akaomba maji. Mkurugenzi alishuka mbio hadi kwenye ndoo ya maji ya kunywa na kumletea kikombe. Akakimaliza. Akaletewa kingine, ambacho kilichotwa kwa kuinamisha ndoo na kukwangua chini. Nacho akakimaliza. Yakumbuke maji hayo, msomaji. Kuna mtu atayalilia.

Juu ya paa kulikuwa na nguo kwenye kamba, kiti kibovu, na tangi la maji la plastiki nyeusi lisilo na mfuniko. Mfuniko uliondoka na upepo muda mrefu uliopita, ukaonekana kwenye paa la jirani, na kila mtu nyumbani akasubiri mwingine aende kuuomba. Maji ya bomba la mjini hayakuwa yametoka tangu wiki ilipoanza, kwa hiyo nyumba nzima ilikuwa ikioga, ikifua na kudeki kwa maji ya tangi hilo. Jua nalo lilikuwa likichungulia humo kila siku bila kulipa kiingilio. Matokeo yake, tangi lilikuwa limeota utando mnene wa kijani. Bibi alikuwa amelalamika mara nyingi kwamba anaogeshwa supu, na mwishowe akamwagiza mkwe wake, yule muuza matairi, alishughulikie. Mkwe akajibu kwamba amesikia.

"Hili ndilo bwawa letu la mwani," alisema Mkemia, kwa sauti ya mtu anayetembeza watalii.

Mkurugenzi alishika kamba ya nguo ili asianguke.

Mnunuzi aliinama juu ya tangi. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akachovya kidole, akakipandisha juu na kukigeuza geuza. Akasema ameshatembezwa sehemu nyingi zinazootesha mwani, ameona wa kwenye mabwawa na wa kwenye mabomba ya kioo, lakini kijani cha namna hii, chenye kung'aa buluu kwa chini, hajawahi kukiona. Akauliza rangi hiyo wameipataje.

"Ni siri ya familia," alijibu Mkurugenzi.

Na ilikuwa siri kweli, kwa sababu hata familia yenyewe haikuijua. Jana rangi hiyo haikuwepo.

Mnunuzi hakuwa mjinga. Aliuliza mbona lebo inasema vilindini na yeye yuko juu ya paa. Mkemia akamweleza kwamba lebo ni ya toleo la zamani, na kwamba sasa kampuni imehamia kwenye mwani wa maji baridi, ambao hauna chumvi na ni mpole kwa ngozi. Akaulizwa unavunwaje. Akasema unachujwa kwa kitambaa, unaanikwa kivulini kwa sababu jua linaua rangi, unalowekwa kwenye glisirini mpaka uachie utomvu wake, unachujwa tena, ndipo unachanganywa na mafuta na nta ya nyuki. Lazima nikiri kwamba yote hayo ni sahihi. Ubaya wa Mkemia ndio huo, akidanganya hutumia ukweli mtupu.

Mnunuzi akaridhika, au tulidhani ameridhika. Kisha akatoa sharti.

Alisema amechoka na watu wanaomwonyesha shamba moja na kumuuzia majani ya shamba lingine. Anataka krimu itengenezwe mbele ya macho yake, sasa hivi, kwa maji ya tangi hili hili yakiwa mabichi, bila kukausha. Ikishakuwa tayari itapakwa nyuma ya sikio na watu wasubiri. Ngozi ikitulia, ataagiza. Ikiwasha, kwaheri.

"Na mimi sijaribu kitu cha mtu ambaye hajajipaka mwenyewe," akaongeza. "Mkurugenzi ataanza."

Hapo ndipo nilipomwonea huruma Mkurugenzi, kwa muda mfupi. Hajawahi kujipaka Kilindi maishani mwake. Alijaribu kujitetea kwamba ngozi ya mkurugenzi ni ngozi ya kazi, haiwezi kuwakilisha wateja wa kawaida, na huku akieleza akaingiza mkono kwenye mkoba kutafuta leso ya kufuta jasho. Leso ikatoka. Nyuma yake kikatoka kijikopo kidogo cha krimu ya nje, chenye picha ya mwani. Kikadunda sakafuni na kubingirika taratibu, kama mtoto anayekwenda kwa shangazi, hadi kwenye kiatu cha Mnunuzi.

Mnunuzi alikiokota. Kilikuwa kimeisha nusu.

"Namchunguza mshindani," alisema Mkurugenzi.

"Naona uchunguzi umefika mbali," alisema Mnunuzi, akamrudishia.

Wakashuka kiwandani na ndoo ya mwani. Mkemia akachuja, akapima glisirini, akayeyusha nta kwenye sufuria na mafuta, akavimimina vyote kwenye blenda. Mnunuzi alikuwa amekaa kwenye kiti pekee, akikagua kila chombo kama nesi mkuu. Mkemia akanyoosha mkono nyuma ya debe la nta, mahali anapoficha chupa ya dawa ya kuzuia ukungu, ambayo huitia kwa wizi ili makopo yasiote manyoya dukani. Mkurugenzi akampiga kikofi mkononi na kumnong'oneza kwamba wamewaahidi wateja krimu isiyo na kemikali.

"Shangazi, hata maji ni kemikali."

"Basi usiyataje kwenye lebo."

Blenda ikanguruma. Ilipotulia, msomaji, hata mimi niliyekuja kucheka nilisogea kuangalia. Krimu ilikuwa na rangi ya kijani iliyotulia, yenye ubuluu ndani yake, laini kama kitu kilichotoka kwa sonara badala ya kwenye blenda iliyokwisha kusaga pilipili. Kwa mara ya kwanza ndani ya kopo la Kilindi kulikuwa na kile kilichoandikwa nje. Mkurugenzi aliitazama kwa mshangao wa mtu aliyetaja namba ovyo na akaambiwa ndiyo jibu.

Mlango ukafunguliwa. Akaingia Bibi, mdogo, mnyoofu, ufunguo umefungwa kwenye pindo la nguo yake. Nyuma yake akaingia Shemeji na futi kamba mkononi. Hakusalimia sana. Alikwenda moja kwa moja kwenye ukuta wa nyuma, akawapa wote mgongo, akaanza kupima.

"Mkurugenzi," alisema bila kugeuka, "hizi rafu unang'oa au unaniachia?"

"Nakuachia harufu, shemeji. Matairi yako yanaihitaji."

Bibi aliwaambia wote wawili wafunge midomo kwa sababu kuna mgeni. Akakaa kwenye ndoo tupu iliyopinduliwa, akasalimiana na Mnunuzi, na Mnunuzi akashindwa kuachia mkono wake. Alikuwa anaitazama ngozi ya Bibi. Bibi ana vitukuu, na mashavu yake hayana habari hiyo. Mnunuzi akainama karibu, akauliza, kwa heshima zote, mama anatumia nini.

Mkurugenzi akakohoa kikohozi cha kumtahadharisha mzazi. Mzazi hakutahadharika.

"Sabuni ya kufulia," alisema Bibi. "Na mafuta ya mgando."

Mnunuzi alifunga kalamu yake. Kwa kitambo pale chumbani palikuwa na mtu mmoja tu mwenye furaha, naye alikuwa anapima ukuta.

Mkemia ndiye aliyerudisha mambo kwenye mstari kwa kusogeza kopo mezani na kukumbusha kwamba jaribio bado. Bibi akauliza jaribio gani. Akaelezwa habari ya sikio. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa.

"Nyuma ya sikio kuna nini? Mtu anatazamwa usoni." Akavuta kopo kwake. "Mimi ndiye ninayegawa chumba. Siwezi kugawia kitu nisichokigusa."

Kabla binti yake hajasema neno, Bibi alichota vidole vinne na kujipaka. Hakujipaka kama wanavyojipaka kwenye matangazo, vidoti vitatu na tabasamu. Alijipaka kama anavyojipaka mafuta ya mgando tangu usichana wake, paji hadi kidevu, shingo yote, na kilichobaki akafutia mikononi. Mnunuzi akacheka, akajitia doti nyuma ya sikio lake. Mkurugenzi naye akajitia, amefumba macho kama anayedungwa sindano.

Wakasubiri. Nje gari lilipita. Futi kamba ya Shemeji ilitoka, ikarudi, ikatoka.

"Inachoma kidogo," alisema Bibi. "Ndivyo ilivyo?"

"Huo ni mwani unaingia, mama," alisema Mkurugenzi haraka. "Ikichoma ujue inafanya kazi."

Sentensi hiyo imeshauza makopo mengi duniani kuliko ngozi ilizoponya, na Mnunuzi, ambaye ni mwenyeji wa biashara hii, aliitikia kwa kichwa. Akafungua kalamu tena. Akasema, kwa upande wake, sikio halimsumbui, au linamsumbua kidogo sana, na rangi hii hawezi kuiacha impite. Ataagiza kwa mahoteli yote anayoyahudumia. Bibi, uso wote kijani, alianza kufungua fundo kwenye pindo la nguo yake, pale palipofungwa ufunguo.

"Ila nina ombi moja," alisema Mnunuzi. "Lile tangi la juu msilisafishe kamwe. Lisitiwe kitu chochote."

Futi kamba ya Shemeji ilijirudisha yenyewe kwa kishindo.

"Tangi lipi?" aliuliza.

"La juu ya paa," alisema Mkemia. "Krimu imetoka huko."

Shemeji aligeuka. Kwa mara ya kwanza tangu aingie aliacha kutazama ukuta na kumtazama mama mkwe wake. Alimtazama uso, ule ukijani, na ule ubuluu chini ya ukijani. Midomo yake ikawa na rangi ya matairi yake ya zamani.

Tumpe nafasi tumweleze. Asubuhi ile, watu walipokwisha kuoga, Shemeji alipanda juu kutimiza agizo la mama mkwe. Mkononi alikuwa na pakiti ya mrututu, yale mawe ya buluu yanayouzwa kwenye maduka ya pembejeo, ambayo huua utando wa kijani kwenye maji. Muuzaji alimwambia atie chembe chache tu, mtu asiyaguse maji mpaka yamwagwe. Lakini Shemeji si mtu wa chembe. Alimimina pakiti nzima, akakoroga kwa fimbo ya kuanulia nguo, akavutiwa na rangi. Alikusudia kumwambia kila mtu kabla ya mchana. Halafu mteja akaja kuulizia tairi.

Hiyo ndiyo ilikuwa siri ya familia.

Sasa simameni naye pale kwenye ukuta. Akinyamaza, muda si mrefu uso wa Bibi utajieleza wenyewe. Mnunuzi atakimbia na visigino vyake, Mkurugenzi ataumbuka, na ufunguo utabingirika hadi mkononi mwake kama kile kijikopo. Matairi yatalala ndani usiku wa leo. Hakuna atakayeuliza habari za pakiti. Akisema, atakuwa ndiye mwanamume aliyetia sumu kwenye maji ya kuoga ya mama mkwe, ambaye mbele yake, tangu aoe, hajawahi hata kukohoa kwa nguvu.

Alitazama chumba. Alitazama mlango, mpana, mzuri, wa kupitisha tairi za lori. Nadhani aliuaga.

"Mama," alisema, "nakuomba ukanawe."

"Ninawe nini, na ndiyo kwanza nimepaka?"

"Kanawe sasa hivi, mama. Nimetia mrututu kwenye tangi."

Mkemia peke yake mle ndani ndiye aliyejua jina la mrututu la kitabuni, na jina hilo halikumfariji. Mnunuzi alishika sikio lake kama mtu aliyevutwa na mwalimu. Na Mkurugenzi, Mungu amsamehe, nilimwona akigeuza macho kwenye lebo, na midomo yake ikajaribu kwa siri maneno mawili matatu, madini asilia ya buluu, kabla hajamtazama mama yake na kuona aibu.

"Mama, nenda," alisema, na safari hii sauti ilikuwa ya mtoto kwa mama yake. "Nenda ukanawe, acha habari za chumba."

Bibi hakupiga kelele. Aliinuka kwenye ndoo, akafunga upya lile fundo la ufunguo, akakaza kabisa. Alimtazama mkwe wake, akamtazama binti yake, akatoka na uso wake wa kilindini, mnyoofu kama alivyoingia. Wakamsikia akikata kona kuelekea bafuni. Kila mmoja akashusha pumzi. Shemeji akaegemea ukuta ambao hataupata.

Aliyekuwa wa kwanza kuinua kichwa ni Mkemia. Alitazama ndoo ya maji ya kunywa pale pembeni, imelala ubavu, kavu. Akatazama bomba la mjini nje ya dirisha, linaloning'inia bila tone. Kisha akatazama dari, na kupitia dari akaliona tangi, na bomba linaloshuka kutoka kwenye tangi, na mahali linapoishia.

Kutoka bafuni ukasikika mlio wa koki ikifunguliwa hadi mwisho, na maji yakishuka kwa nguvu.

"Jamani," ilisema sauti ya Bibi, yenye mshangao wa furaha, "maji ya leo mbona mazuri hivi?"